Kazi Niliiona, Mukwe Sikumuona

Kadutu, Bukavu
2 Februari 1958

Mpendwa Apolline,

Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho nilikipiga nyundo Jumanne na sasa kina rangi ya biringanya. Modeste, yule ninayelala naye chumba kimoja hapa Kadutu, alicheka hadi akaanguka kitandani. Ndivyo alivyo, kula na kucheka. Ila ana moyo mzuri, kwa hiyo namvumilia.

Habari kubwa ni masomo ya jioni. Sisi wanagenzi wa umeme tumepewa mwalimu, Mbelgiji mrefu mwenye sauti ndogo, na watakaofaulu watapelekwa kwenye barrage, lile bwawa la umeme linalojengwa mtoni Ruzizi. Tena mmoja wetu, atakayeshinda wote, atakwenda Usumbura mwezi wa saba kujifunza mashine kubwa. Nakuambia wewe peke yako: nataka awe mimi.

Wiki hii tumesoma kazi. Usicheke. Kazi tunayoijua sisi, ya kutoka jasho na kunung'unika, siyo ile ya sayansi. Kwenye sayansi lazima usukume kitu, na kitu kisogee upande ule unaokisukumia. Ukisukuma ukuta tangu asubuhi hadi jua kuzama na ukuta usisogee, umefanya sifuri. Ukiinua ndoo ya maji, hapo umefanya kazi. Ukisimama nayo tu mkononi, sifuri. Na hii ndiyo iliyonishangaza zaidi: mtu akibeba mzigo na kutembea nao kwenye barabara tambarare, mzigo haupandi wala haushuki, basi ule uzito hakuufanyia kazi yoyote. Nilimfikiria Maman Domitille, mama yako, anavyotoka sokoni Walungu na kitunga cha mihogo mgongoni, kamba imemkaza paji la uso. Miaka yote hiyo, kumbe sayansi inampa sifuri! Mwambie, atacheka.

Sasa jambo zito. Baba yako ameshampokea ng'ombe wetu, nashukuru. Kilichobaki ni ile desturi ya nyumba yenu, kwamba mukwe akae mwezi mzima kwa baba mkwe akilima shamba la migomba. Apolline, huo mwezi nitautoa wapi? Likizo yangu ni mwezi wa saba, na ndio mwezi wa Usumbura. Ongea na baba yako taratibu.

Wako,
Firmin


Walungu
16 Februari 1958

Firmin,

Nilimwambia. Hakucheka.

Mama alikuwa ndiyo kwanza anaingia na kitunga chake. Alisikiliza hadi mwisho, akavua kamba kwenye paji la uso, akakitua kitunga katikati ya kiwanja na kusema: "Kama haiko kazi, basi kiende chenyewe jikoni." Kitunga hakikwenda. Papa alicheka sana, hadi saa ya chakula ilipofika na hakuna aliyepika. Hapo akaniambia nikiingize mimi. Mama akasema atakayekigusa atakuwa mtoto wa Firmin, siyo wake. Tumekula ndizi za kuchoma siku mbili, na kuku wametaga ndani ya mihogo.

Papa naye ana swali lake. Anauliza, yeye akikaa kwenye baraza ya chef, mkuu wetu wa hapa, kutwa nzima akisikiliza kesi za watu, sayansi inampa ngapi? Nilijaribu kumjibu kwa upole, lakini mimi ni mwalimu wa kusoma na kuandika kwenye shule ya masista, sijui kuipaka sifuri asali. Akasema: "Ule mutoto anasoma sana." Hakusema hivyo kukusifu.

Kuhusu mwezi, nimeongea naye taratibu, nimeongea naye haraka, nimempelekea hata tumbaku. Jibu ni moja: "Desturi njo desturi. Mwezi njo mwezi." Unajua kaka zangu Emile na Isidore wako Shabunda kwenye dhahabu, na habari zao tunazipata Noeli hadi Noeli. Shamba limeota majani, na upande wa mteremko ni mawe matupu. Kazi ipo kweli.

Tafadhali, barua ijayo usiweke sayansi. Niandikie kuhusu kidole chako.

Apolline


Kadutu, Bukavu
9 Machi 1958

Mpendwa Apolline,

Kidole kimepona.

Mwombe Maman Domitille anisamehe. Mweleze kwamba sikusema hachoki! Mwili wake unatumia nishati nyingi sana, ile aliyoipata kwenye bugali na maharagwe. Ila nishati hiyo haiingii kwenye kitunga, inageuka joto na jasho, inapotelea hewani. Kwa hiyo siyo kwamba hafanyi kitu, bali anapoteza nishati bure kabisa. Nadhani akielezwa hivi atafarijika.

Sasa sikiliza, nimepata dawa ya ule mwezi, na imetoka humo humo kwenye sayansi uliyonikataza. Mwalimu amefundisha kitu kinachoitwa puissance. Ni hivi: kazi ni ileile, iwe imefanywa polepole au mbio. Ukipandisha mawe kilimani kwa mwezi, au ukiyapandisha kwa siku moja, kazi haibadiliki hata punje. Kinachobadilika ni puissance, yaani upesi wa kuimaliza. Wazungu wanaipima kwa farasi. Kamyo, lile lori la Gaston anayekuletea barua hizi, ina nguvu ya farasi themanini.

Basi mtu mmoja kwa mwezi ni sawa na vijana kumi kwa siku tatu, na vijana wa karakana siyo wa kawaida, kwetu siku moja inatosha. Nimewaomba wenzangu tisa, wote wamekubali, hata Modeste. Tutapanda kwa Gaston Jumapili ya Pasaka baada ya misa, na Jumatatu tutalima shamba lote, tutang'oa mawe, tutachimba mfereji na mashimo ya migomba. Baba yako atapata kazi yake kamili, bila kupunjwa. Mimi nitapata mwezi wangu wa saba. Hakuna anayepoteza.

Msomee baba yako sehemu hii. Ile ya juu, ya mama, ipime mwenyewe.

Wako mwenye puissance,
Firmin


Walungu
20 Machi 1958

Kwa Firmin, mutoto wa Adalbert wa Nyantende.

Njo mimi Cirhuza nasema, Apolline anaandika. (Naandika kila neno. Ameniketisha karibu ili asikie kalamu.)

Nilisikia barua yako. Ile mambo ya farasi sikuelewa. Farasi sijaona hata siku moja. Uniambie kamyo ya Gaston iko na nguvu ya ngombe ngapi, hapo tutasikilizana. Na kama farasi makumi munane iko ndani, juu ya nini ilikwama kwa matope hapa kwetu, vijana bakaisukuma? (Nilikuwepo. Gaston aliwatukana farasi wote.)

Unasema mwezi ya mutu moja na siku ya batu kumi iko sawasawa. Muzuri. Kuya na benzako. Mbuzi iko, pombe ya kasiksi iko, mawe iko. Tutaona.

Maman Domitille anakusalimia sana. (Hakusema. Papa anasema iandikwe hivyo kwa heshima. Mama yuko jikoni, ametupa mgongo.)

Cirhuza

Firmin, sasa ni mimi peke yangu. Papa amekubali upesi mno. Nimemjua tangu nizaliwe: akibisha, ujue anakaribia kukubali, lakini akisema "muzuri, tutaona," hajakubali kitu. Uje, nitafurahi sana. Ila usije na hesabu tu.
A.


Kadutu, Bukavu
9 Aprili 1958

Mpendwa Apolline,

Umeona? Umeona jinsi tulivyofanya? Mgongo wangu umekataa kunyooka, naandika nimelala kwa tumbo, lakini nina furaha kubwa. Shamba lote, mfereji, mashimo, na lile jiwe kubwa ambalo baba yako alisema lilimshinda babu yake! Jua lilipoanza kushuka hapakuwa na kitu cha kugusa tena. Mwalimu nilimpa hesabu yote, vipimo na uzito. Alisema ni zoezi zuri kuliko yale ya kitabuni.

Aibu yangu ni Modeste tu. Alipata lengelenge la kwanza kabla umande haujakauka, akaweka jembe chini, akaenda kuketi na baba yako kwenye mlango wa lugo, ule ua wenu, wakimenya maharagwe. Kutwa nzima! Wenzake wanabeba mawe, yeye anacheka huko na kuongezewa kasiksi. Nilimgombeza ndani ya kamyo njia yote. Kwa hesabu yangu alifanya sifuri, na alikula mbuzi kwa puissance ya kutisha.

Sasa niambie tarehe. Baba yako anataka harusi mwezi wa nane au wa tisa? Nikirudi kutoka Usumbura nitakuwa tayari.

Wako,
Firmin


Walungu
19 Aprili 1958

Firmin,

Keti vizuri kama mgongo umenyooka.

Kesho yake asubuhi Papa alitembea shamba lote, mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma. Mama alimfuata, mimi nilimfuata mama. Alifika kwenye mfereji, akauangalia, akasema: "Kazi niliona. Mukwe sikumuona."

Nilimwambia, Papa, Firmin alikuwa hapa, ndiye aliyewaongoza wote. Akaniuliza: "Njo ule murefu, ao ule wa kofia?" Firmin, hakujui! Siku ya ng'ombe ulikuwa umeketi nyuma ya wajomba zako, umeinamisha kichwa na kufunga kinywa, kama inavyompasa mchumba. Na Jumatatu ya Pasaka uliinama shambani tangu asubuhi. Alichokiona ni mgongo wako tu, na hata huo hakuweza kuutofautisha na migongo ya wengine.

Anayemjua ni Modeste. Kila siku ni Modeste. Anajua Modeste anaogopa mbwa, anajua mama yake ni wa ukoo gani, anajua alifukuzwa petit séminaire, shule ya wanaoandaliwa upadri, kwa kucheka kwenye misa. Anasema ameshasikia anavyocheka na anavyonyamaza, kwa hiyo mtu huyu anaweza kumpa binti. Juzi alimwambia mama, na hakuwa anatania: "Ngombe irudi Nyantende. Tuite jamaa ya Modeste." Mama alitokwa machozi kwa kicheko, maana bado ana kinyongo cha kitunga. Mimi sikucheka.

Na kuna mimi. Umenieleza mfereji, mawe na vipimo. Je, unakumbuka nilivaa nini? Nilifua kitambaa changu cha bluu, nikakuwekea sahani yako pembeni, na nyama niliyoichagua mwenyewe. Ulinipa mkono wenye udongo, ukasema "Umeona puissance?" na Gaston akapiga honi, ukakimbia. Sahani ile alikula Modeste. Niliumia, Firmin. Papa anasema hakumwona mukwe. Na mimi nilikuwa pale pale, nami sikukuona.

Fanya unaloweza kabla wazee hawajaitana.

Apolline


Kadutu, Bukavu
4 Mei 1958

Muheshimiwa Papa Cirhuza,

Asinge, nakusalimu Papa. Mimi ni Modeste wa maharagwe. Naandika barua hii Firmin akiwa amesimama nyuma yangu, na ameshika bisibisi.

Papa, nimesikia heshima unayotaka kunipa, na usingizi umenitoka. Mimi sifai. Ninakoroma, majirani ni mashahidi. Ninakula kutoka kwenye sufuria kabla ya wengine kuitwa. Mbwa wako alipobweka ile Pasaka, niliyejificha nyuma ya Maman Domitille ni mimi. Malengelenge niliyokuonyesha yalikuwa mawili, lakini nililia kama ya kumi. Kulima sijui na sitaki kujua.

Tena, nina mchumba wangu, Colombe, anauza mikate karibu na parokia ya Kadutu, ana mikono yenye nguvu na wivu mwingi. Akisikia habari hii, Papa, utakuwa umeua mtoto wa watu.

Firmin ni mtu mzuri kunishinda kwa kila kitu isipokuwa maneno. Akiwa na wasiwasi anafanya hesabu, kama wengine wanavyopiga mluzi. Nakuomba umwangalie usoni siku moja.

Mbuzi alikuwa mtamu sana.

Mimi mtoto wako,
Modeste


Walungu
27 Mei 1958

Firmin,

Nimemsomea Papa barua ya Modeste siku ya Pentekoste. Bisibisi yako haikusaidia kitu. Papa alipiga paja: "Mutu anasema makosa yake bila kupigwa fimbo! Huyu njo mutu!" Amempelekea kuku kwa Gaston, bila shaka mmeshamla. Kilichokuokoa ni Colombe. Papa aliguna na kusema mali ya mtu haiguswi, na kwamba itabidi arudi kwako. Basi ng'ombe anabaki, lakini desturi nayo imebaki. Mwezi mzima, mwezi wa saba, au hakuna harusi.

Nilikwenda jikoni kulia. Mama aliniuliza nina nini, nikamwambia nailaani hiyo desturi ya ukoo wa Papa. Firmin, mama aliacha mwiko ndani ya bugali. "Desturi gani?" aliniuliza. "Baba yako mimi alinilimia nusu ya asubuhi, mvua ikanyesha, akaenda kunywa. Hakurudi kwa jembe hata leo." Alicheka hadi akaketi chini. Hakuna desturi, wala babu aliyewahi kukaa mwezi kwa baba mkwe. Papa aliianza mwenyewe mwaka ule Isidore alipomfuata Emile Shabunda. Mama anasema baada ya kaka zangu kuondoka alianza kuongea na mbuzi, na mbuzi walipouzwa akaikumbuka desturi.

Nakwambia ili uwe huru. Ukitaka, peleka neno kwa wajomba zangu. Ataona haya, na kesho yake atakubali kila kitu, nawe utakwenda Usumbura kwenye mashine zako. Hilo halitaniudhi. Nitakupenda vilevile, mradi uniulize mimi kama nakutaka, maana mpaka leo wameulizwa ng'ombe, shamba na Papa.

Chagua. Ila tafadhali, usipige hesabu.

Apolline


Kadutu, Bukavu
15 Juni 1958

Apolline wangu,

Jana mwalimu alisoma majina. La kwanza lilikuwa langu.

Wenzangu walinipigia makofi, nami nikasimama, nikamwambia achague mwingine. Alidhani Kifaransa changu kimeharibika. Akaniuliza sababu, nikasema nina kazi ya familia. Akauliza kazi gani. Nilitafuta neno, sikulipata, nikasema, "Kukaa, Monsieur." Akafuta jina langu na kuandika la aliyefuata. Utashangaa: ni Modeste. Anauliza maswali mengi darasani, na kumbe majibu alikuwa anayasikia.

Nilikwenda nyuma ya karakana nikalia kidogo. Sitakudanganya kwamba sikulia. Ile mashine nilikuwa nimeshaiota. Barrage ningali naitumaini, maana mtihani nimefaulu, lakini Usumbura imekwenda.

Kwa wajomba sitapeleka neno. Nilijaribu kuwaza namna ya kumwaibisha mzee mbele ya shemeji zake kwa sababu hana wa kuongea naye, nikaona siwezi. Usimwambie kwamba najua. Mwambie mukwe anakuja kutimiza desturi, na aniambie inataka nini.

Sasa nakuuliza wewe, nimeweka hesabu pembeni. Nilikuacha umesimama na sahani, nikakimbilia kamyo, na nikijikumbuka naona aibu. Nakupenda tangu siku ile uliponisahihishia barua yangu ya kwanza kwa kalamu nyekundu. Unanitaka? Usinijibu kwa Gaston, anasoma barua za watu. Nijibu nikifika.

Firmin


Walungu
20 Julai 1958

Ndugu yangu Modeste,

Asante kwa kadi ya Usumbura. Usiniandikie tena kuhusu mashine, nakuomba, angalau mpaka mwezi wa nane.

Hapa nateseka kwa namna ambayo hakuna kitabu kinaieleza. Niliwasili na jembe jipya. Mzee alilichukua, akalisimamisha nyuma ya nyumba, akasema: "Kazi ulimaliza Pasaka. Sasa kaa." Na mimi nakaa! Nikiinuka kuchota maji, ananiita. Nikishika panga, anauliza nani ameniudhi. Wiki ya kwanza mikono iliniwasha, nikawa napanga kuni kwa ukubwa, kisha nazipanga tena.

Alifukia ndizi kwenye shimo ili ziive kwa ajili ya kasiksi. Kila siku tunakwenda kulitazama lile shimo. Siku moja uvumilivu uliniishia, nikamweleza kwamba tukiongeza joto kwa mpango mzuri zitaiva haraka. Akaniambia: "Ingia basi mu shimo, uzisukume." Nilikasirika, nikajibu vibaya, nikasema maneno ambayo mukwe hasemi. Nilidhani ananifukuza. Alifurahi, Modeste! Aliita mama mkwe aje aone masikio yangu yalivyobadilika rangi.

Ana hadithi ya chui na baiskeli ya chef. Ameisimulia mara nyingi mno. Lakini wiki hii alilala mapema kwa kikohozi, na sikuisikia, nikajikuta nimeketi mlangoni naingoja kama mjinga.

Na Maman Domitille naye alikuwa ananingoja. Siku ya soko alinivika ile kamba kwenye paji la uso, mihogo imejaa kitunga hadi juu, tukaanza ile barabara yangu tambarare. Shingo ilitaka kuingia kifuani. Wanawake wote wa soko walikuwa nyuma yetu. Kila tukifika kwenye kona anauliza: "Ngapi sasa?" Nami najibu: "Sifuri, Maman." Wanacheka hadi wanashikana. Niliposhusha mzigo jikoni akanipa maziwa, akasema sayansi yangu ni ya kweli kwa wale wanaosukumana na kuta, lakini kwa vitunga nimwulize yeye. Tangu siku hiyo ananiita mutoto wangu.

Apolline alinijibu siku niliyofika, kabla sijashusha sanduku. Alichosema ni changu, sikuandikii.

Msalimie Colombe ukirudi.

Firmin


Walungu
3 Agosti 1958

Kwa Adalbert wa Nyantende, baba ya Firmin.

Njo mimi Cirhuza nasema, Apolline anaandika.

Asinge, mukwe wangu. Mutoto wako atarudi kwenu kesho na kamyo, na nilitaka barua hii ifike na yeye. Nilimuona sasa. Anakula mbio. Hasira inamupanda kwa masikio. Kupanga kuni anajua, kukaa hajue, lakini anajifunza. Kudanganya hajue hata kidogo: nilimuuliza kama hadithi yangu ya chui alishasikia, akasema, ndiyo, Papa, mara mingi. Niliisema tena, na alisikiliza mupaka mwisho, na mahali ya kucheka alicheka.

Kuna jambo moja ingine, na Apolline ataandika hata kama anatikisa kichwa. Ile desturi ya mwezi, haiko desturi. Niliitoa mu kichwa yangu. Shabunda iko mbali, na nyumba yangu ilinyamaza sana, ikanishinda. Na minajua kama banajua. Domitille hajue kufunga kinywa, tangu Pentekoste bananiangalia wote na jicho ya kucheka. Firmin alijua mbele ya kufika hapa. Siku ya kwanza nilimuona kwa uso, nikajua anajua, nikangoja aseme. Siku zote za mwezi alikuwa ananiuliza asubuhi: Papa, leo desturi inataka nini? Na mimi namwambia inataka akae. Na anakaa. Hakunipatisha haya hata siku moja mbele ya muke yangu na mbele ya binti yangu.

Batoto bangu ba kuzaa babili banachimba dahabu, sibakasirikie. Lakini nilikuwa nataka mwingine, na mwingine alikuya.

Binti yangu anasema jibu yake alishatoa. Basi leteni bazee, mulete na ule Modeste, tufunge hii mambo mbele ya mwezi haiyaisha. Mukuye mbio, Adalbert. Huyu mutoto nikibaki naye wiki ingine, nitakumbuka desturi ingine.

Cirhuza